Mlima Kwenye Kidole cha Mfalme

Sina desturi ya kusimulia nisiyoyaona kwa macho yangu, na haya niliyaona. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu, kila nikiwapa habari za nchi ya Wayoni, hutazamana kwanza, kisha mmoja wao huniuliza kama safarini sikupatwa na homa. Sikupatwa na homa. Nilipatwa na malengelenge, kwa ajili ya viatu vipya ambavyo muuzaji aliniapia vitalainika njiani, na ni malengelenge hayo yaliyonifikisha ndani ya kasri la mfalme, mahali ambapo mgeni mwenye miguu mizima hafiki.

Mpakani mwa Wayoni mgeni haulizwi hati. Huvuliwa viatu, akakanyagishwa udongo mbichi uliotandazwa kwenye sinia, na ofisa akainama kuusoma wayo wake. Aliyenipokea mimi alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliutazama wayo wangu, akaguna, akautazama tena.

"Ndugu mgeni, hapa kisiginoni una ziwa."

"Ni lengelenge hilo, bwana."

"Kwenu mnaliita hivyo," akasema kwa huruma. "Lakini mimi siwezi kukuruhusu uingie nchini na ziwa lisilotambuliwa. Utapelekwa kwa Tabibu wa Miguu, alikaushe."

Basi nikapakiwa kwenye mkokoteni, kwa kuwa ziwa geni halina ruhusa ya kukanyaga ardhi ya Wayoni.

Inafaa nieleze sheria yao hapa hapa, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Wayoni hawana katiba iliyoandikwa. Wana mguu wa kulia wa mfalme. Kila siku ya Baraza mfalme hukanyaga sinia la udongo mbele ya Wasomaji, wazee waliosomea kazi hiyo tangu ujana wao, nao huusoma wayo huo na kuitangazia nchi hali yake. Kisigino ni kusini, vidole ni majimbo ya kaskazini, na kila mstari ni mto au barabara. Ikitokea wayo na nchi havifanani, basi nchi ndiyo iliyokosea, na hurekebishwa.

"Na mguu wa kushoto?" nilimwuliza msukuma mkokoteni.

"Huo ni mambo yake ya ndani," alinijibu, akaonyesha kwamba swali langu halikuwa la adabu.

Njiani tulipita katikati ya nchi, na hapo ndipo nilipoanza kuwaogopa watu hawa. Mfalme aliyetangulia, baba wa huyu wa sasa, alikuwa na mguu wenye upinde, na pale upinde usipogusa udongo Wasomaji walisoma ziwa. Kweli palikuwa na ziwa, kubwa, lenye samaki. Kisha akatawazwa mwanawe, na mwanawe ana mguu bapa. Wayo wake wa kwanza ulitoka umejaa pande zote. Wasomaji hawakuwa na la kufanya ila kutangaza kwamba ziwa limekwisha, na ardhi ile ikagawiwa wananchi.

Niliwaona wananchi hao. Walikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, wanalima. Majembe yalipanda na kushuka, na kila jembe liliposhuka lilirusha maji usoni mwa mwenyewe. Mama mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Bi Mwanasiti alitukaribisha kutoka mlangoni kwake, yaani kutoka juu ya paa.

"Karibuni wageni. Mtuwie radhi kwa vumbi," akasema, huku akikamua kanga yake.

Nikamwuliza maji yale hawayaoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Maji gani, baba? Huku ni ukame mtupu. Marehemu mume wangu mwenyewe alizama kwenye vumbi hilo hilo, mwaka jana, akienda kwa jirani kuomba chumvi."

Nilitaka kucheka, nikaacha, kwa sababu yule mama alikuwa akilia kweli.

Tabibu wa Miguu alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Sikudhani. Nyumba yake imeegemea ukuta wa kasri, inanuka mafuta ya mbarika na majani yaliyochemshwa. Alinikalisha kwenye kigoda, akakitazama kisigino changu kwa namna ambayo sijatazamwa na mtu tangu mama yangu afariki, akatoboa, akakamua, akafunga kitambaa. Nilimsifu kwa mkono mwepesi.

"Wewe nakuponya," akasema, "kwa sababu mguu wako hauna maana."

Sikujua kama nishukuru. Ndipo akanieleza kiapo chake. Tabibu wa Miguu wa Wayoni, siku anapopewa kazi, huapa kwamba ataurudisha mguu wa mfalme kama alivyokabidhiwa. Haapi kuponya. Kuponya ni kubadili, na kubadili mguu ni kupindua nchi. Mfalme ana magaga kisiginoni kama sisi sote tunaotembea peku, na ufa mmoja mrefu ndio Mto Mkuu. Kazi ya Sikudhani kila asubuhi ni kuupaka mafuta kingo zake, ili usipanuke na kuleta mafuriko, wala usijifunge. Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilipomtamkia methali hiyo aliniziba mdomo kwa kiganja, akanambia imepigwa marufuku tangu enzi za babu wa mfalme.

"Mwaka mmoja ufa ulijifunga wenyewe," akasema. "Mvua zilikuwa nzuri, ngozi ikalainika. Wavuvi wote wa mtoni wakaachishwa kazi, wakawa wanakaa ukingoni wanatazama samaki wakirukaruka bila ruhusa ya kuwaona. Nikaamriwa niufungue kwa wembe. Mwanangu alilia siku hiyo! Na ndiyo siku pekee niliyopewa nishani."

Aliposema mwanangu alikuwa na maana ya mfalme. Alimpokea akiwa mtoto mchanga, akamkanda miguu kwa mafuta, akamshika mikono alipoanza kusimama dede. Watoto wengine hakuwa nao.

Kwa kuwa kisigino changu kilihitaji kufunguliwa na kufungwa kila siku, nikawa namfuata Tabibu kasrini, na kitambaa changu kikabadilishwa pembeni baada ya shughuli kubwa kwisha. Ndivyo nilivyomwona Mfalme Mkangaza. Nilitarajia kuona jitu la kutisha. Nilimkuta mtu mnene, mcheshi, ameketi juu ya mito, mguu wa kulia umenyooshwa kama mzigo wa mtu mwingine aliopewa kuutunza, na kila upande mtumishi mmoja amemshika mkono.

"Mama, nawashwa," alisema Tabibu alipoingia.

"Najua, Mtukufu."

"Waambie waniachie mkono mmoja tu. Mmoja."

Watumishi wakatazama dari. Mfalme wa Wayoni haruhusiwi kujikuna. Kucha zikipita juu ya wayo huacha mikwaruzo, na mikwaruzo husomwa kuwa maasi. Mara ya mwisho aliyojisahau, jimbo zima la kusini lilikamatwa.

Tabibu akakifunua kidole cha mwisho, na mimi nikainuka kigodani. Mtoto yeyote wa kwetu angekijua kile kitu. Kilikuwa kivimbe cheupe cha mviringo chenye nukta nyeusi katikati, na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu na kung'aa.

"Lakini huyo ni fun..."

Tabibu alinikanyaga kisigino changu kibovu kwa nguvu zote. Nilipomaliza kupiga yowe, akatamka kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mlima Mkangaza uko salama leo."

Baadaye nilielezwa yote. Katika sikukuu ya utii kila jimbo huleta kikapu cha udongo wake, mfalme akaukanyaga mbele ya umati. Jimbo la Kidole cha Mwisho ni la watu maskini wanaolala na mifugo yao, na udongo wao ulikuja na wakazi wake. Siku chache baadaye ukaonekana kwenye sinia uvimbe ambao haukuwapo. Msomaji Mkuu, mzee aitwaye Fumbwe, mwenye ndevu nzuri na moyo safi kabisa, aliusoma akitokwa na machozi ya furaha. Nchi imepata mlima!

Tabu ni kwamba Kidole cha Mwisho ni tambarare tupu. Wakazi wake wakajulishwa kwamba wana mlima, wakaenda kuutafuta, hawakuuona, wakaonywa. Hatimaye wakaujenga. Waliubeba udongo wa mashamba yao kwa vikapu, wakaulundika mahali palipoelekezwa. Kisha funza akanenepa, kama ilivyo ada yake, na Baraza lililofuata likatangaza kwamba mlima umekua. Wakaongeza vikapu. Kutoka dirishani kwa mfalme ulionekana wazi, mwekundu, na watu wanaupanda kwa mstari, na mara kwa mara upande mmoja ukimomonyoka na mstari ukakatika hapo katikati. Palikuwa na Mkuu wa Mlima, na walinzi wake, na bendera.

Nilipofika mimi ncha ya kidole ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na kutoa harufu. Harufu ile ilipewa jina la hewa ya mlimani. Nilishuhudia mabibi na mabwana wa kasri wakija asubuhi, wakisimama karibu na mito ya mfalme, wakivuta pumzi ndefu na kupigapiga vifua, wakisema wamepona pumu.

"Kidole kitaoza," Sikudhani aliniambia tukirudi nyumbani. Alikuwa amekunja kitambaa mkononi, amekibana mpaka vidole vimepauka. "Kikioza kitakwenda na mguu. Mguu utakwenda naye. Nitamzika mtoto niliyemfundisha kutembea, kwa sababu ya mdudu. Nitasema nini mbele ya Mungu?"

Nikamwuliza kwa nini asiliambie Baraza. Alisema atajaribu, na alijaribu, nami niliketi kwenye benchi la wageni nikasikiliza.

Neno funza hakuweza kulitamka, kwani mfalme haugui. Alisimama mbele ya Wasomaji akaomba ruhusa ya kuupunguza mlima.

"Kuupunguza kwa nini?" akauliza Fumbwe. "Una kasoro?"

"Hauna kasoro, Mheshimiwa. Ila umemzidi aliyeubeba."

Minong'ono ikapita ukumbini. Msomaji mmoja kijana, aliyesoma ng'ambo, alieleza kwamba katika nchi zilizoendelea milima haipunguzwi, huongezwa, na akasifu weupe wa kilele kuwa ni dalili ya theluji, nayo theluji huleta watalii. Mwingine alitaka kujua kama mlima ulitangulia kidole au kidole kilitangulia mlima, na swali hilo likawachukua mpaka wakati wa chai. Baada ya chai alisimama Mkuu wa Mlima, mwanamume mwenye mabega ya mgambo, sauti inamtetemeka.

"Mimi nina bendera," alisema. "Nina watu wanaonipigia saluti. Leo nirudi nyumbani nimwambie mke wangu mlima umetolewa na mama mmoja kwa sindano?"

Walimpigia makofi ya muda mrefu. Na sitaki kuwaonea: nadhani wengi wao hawakuwa waovu. Nilimtazama Fumbwe na nikaona jinsi alivyoteseka na ile rai.

"Mama Tabibu," akasema mwishowe, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi wote tunampenda Mtukufu. Lakini ukianza kuutoa mlima kwa sababu unauma, kesho watakuja watu wa ule uwanda wa katikati waseme kwamba vumbi linawalowesha. Tutaishia wapi?"

"Mheshimiwa, mficha maradhi kilio humfichua."

"Maradhi gani?" akauliza Fumbwe kwa upole, na Sikudhani akakaa chini.

Wayoni wote hulala baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndio wakati ambao mguu wa mfalme umepumzishwa. Siku ile ile, walinzi wakikoroma mlangoni, Tabibu aliniambia nichukue taa na chupa ya mafuta ya taa nimfuate, na nisipotaka kuja niseme sasa. Nilikwenda. Siwezi kudai kwamba sikuogopa.

Watumishi wa mikono walikuwa wamelala huku wamemshika mfalme, na yeye yu macho, jasho linamtiririka.

"Mama?"

"Uma mshipi wako, mwanangu. Usipige kelele."

Aliichoma sindano kwenye moto wa taa. Akaanza kuifungua ngozi pembezoni mwa ile nukta, taratibu, akiizunguka bila kuigusa, kwa sababu mfuko wa funza ukipasukia ndani balaa lake ni kubwa. Mfalme alitokwa na machozi lakini mguu hakuutikisa. Mfuko ulitoka mzima. Nyuma yake kilibaki kishimo chekundu kidogo, akakisafisha, akakitia mafuta, akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Kisha akauinua ule mlima kwenye ncha ya sindano, mweupe, sawa na punje ya mtama.

Mfalme akautazama kwa muda mrefu.

"Huyu tu?" akasema.

"Huyu tu, mwanangu."

"Na bendera yote ile?" Akaanza kucheka, tumbo linaruka, mshipi mdomoni, mpaka mtumishi mmoja akageuka usingizini na tukamwangushia mto usoni.

Siku zilizofuata zilikuwa njema kuliko zote nilizoziona Wayoni. Kishimo kilianza kujifunga. Tabibu alikificha kwa kitambaa, akasema mlima umefunikwa na mawingu, na hakuna aliyebisha. Wakati wa usingizi wa mchana mfalme alitoroka akaja kwenye ua wa nyumba ya Tabibu, akawa anatembea huku na huku chini ya jua. Kisha akakimbia. Mtu mzima, mnene, anakimbia kuizunguka kamba ya nguo huku akipiga kelele: "Mama, tazama! Hakuumi!" Sikudhani alikaa kizingitini na mikono mapajani, na uso wake siwezi kuueleza.

Kisha ikafika siku ya Baraza.

Mfalme alikanyaga sinia bila kushikwa mkono, na hilo lenyewe liliwashtua. Fumbwe akainama kusoma. Akabaki ameinama. Pale penye mlima palikuwa laini, na kwenye ulaini ule palikuwa na alama ndogo ambayo hata haikufikia kuwa shimo.

Nilidhani wataamuru mlima ubomolewe; ndivyo sheria yao ilivyokuwa, nchi hufuata mguu. Nilisahau kwamba mlima ulikuwa umekwisha kupata wenyewe. Fumbwe alikwenda dirishani, akatazama nje, akarudi, akatazama udongo, akaenda tena dirishani. Aliporudi mara ya pili alikuwa amezeeka.

"Mlima upo," alisema. "Tumeujenga wenyewe, tunauona. Mguu huu hauna mlima. Basi kimoja kati ya viwili hivi ni cha uongo, na kitu kikubwa kama ule mlima hakiwezi kuwa cha uongo." Akamgeukia mfalme, akauliza kwa adabu, "Bwana, unawashwa?"

"Siwashwi tena, namshukuru Mungu."

"Mfalme wetu anawashwa," akasema Fumbwe.

Sikudhani akaruka kutoka kwenye benchi, akapiga kelele kwamba ni yeye aliyevunja kiapo, ni yeye aliyemtoa funza, wamwadhibu yeye. Alilitamka lile neno mbele ya Baraza zima, na wanawake wakaziba masikio.

"Mama Tabibu, tulia," akasema Fumbwe. "Hakuna anayekushitaki. Wewe unasema umemponya mtu huyu. Aliyeponywa alikuwa mgonjwa. Mfalme haugui. Basi uliyemponya siye mfalme, na kumponya raia si kosa. Tunakushukuru."

Nimewahi kusikiliza mawakili wa nchi nyingi. Sijasikia hoja iliyofungwa vizuri kuliko ile.

Wakamvua mfalme joho polepole, wakilikunja vizuri. Ukaletwa wayo wake wa zamani, wa udongo uliochomwa ukahifadhiwa tangu Baraza lililopita, wenye mlima, ukawekwa juu ya mto kwenye kiti cha enzi, na Mkuu wa Mlima akaupigia saluti kwa nguvu mpya. Tabibu akaamriwa aendelee kuja kila asubuhi kuupaka mafuta. Lakini Fumbwe, nilisema ana moyo safi, alimfuata yule mtu mlangoni akamshika bega.

"Baraza lijalo sinia litakuwapo," akamwambia. "Ukija na mguu wetu tutakutambua mara moja. Hatuna chuki na mtu."

Mkangaza akaja kukaa kwa Sikudhani. Siku ya kwanza alifurahi. Alikunywa uji akiwa amekaa mkekani, akajikuna miguu yote miwili kwa sababu tu anaweza, akalala bila mtu kumshika mkono. Sikudhani alianza kumzungumzia habari za shamba la ndugu zake, mbali na kasri, mahali ambapo mtu anaweza kupanda mihogo na kutembea atakako. Alikuwa amekwisha kumtafutia kofia.

Siku ya pili alikwenda sokoni peke yake. Alirudi, akaketi, hakugusa chakula.

"Wamekutukana?" akauliza Sikudhani.

"Hapana." Alikuwa anautazama mguu wake. Miguu ilikuwa na tope hadi vifundoni. "Nimekanyaga tope pale penye machinjio, Mama. Wayo mzuri, mzima, umetoka wote. Nikasimama pembeni nikangoja. Akapita mtu akaukanyaga. Akapita mwingine na punda wake."

"Ndivyo tope lilivyo, mwanangu."

"Nimekanyaga, na hakuna kitu kilichotokea."

Nilimwambia kwamba sisi wengine tumekanyaga hivyo tangu kuzaliwa na tunaishi. Nilisema kwa ukali, nakiri, kwa kuwa nilimfikiria Bi Mwanasiti kule juu ya paa. Alinitazama kwa huruma ile ile ya ofisa wa mpakani.

Kulipokucha mkeka wake ulikuwa mtupu. Sikudhani alichukua ushungi wake akatoka, nami nikamfuata nikichechemea, na tukaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la kasri, mahali walipofugwa nguruwe.

Walikuwapo wote. Mabibi na mabwana wa hewa ya mlimani walipanga mstari nje ya banda, wamevaa nguo za sikukuu. Mmoja ameshika joho, mwingine viatu. Mkuu wa Mlima alikuja na bendera. Fumbwe amefumba macho, midomo inacheza kwa dua. Na ndani ya banda, kati ya jike na watoto wake, katika vumbi la mavi makavu, alisimama Mkangaza peku, suruali ameikunja magotini, vidole vya mguu wa kulia amevipanua kadiri alivyoweza. Alikuwa akiutazama mguu ule kwa utulivu wa mvuvi aliyekwisha kutupa ndoana.

Sikudhani akashika boriti za banda kwa mikono miwili.

"Mwanangu, toka humo," alisema. "Kile kidole hakiwezi kubeba funza mara ya pili. Nakwambia mimi niliyekiona ndani. Hakiwezi. Utakufa."

Hakuinua macho.

"Mwanangu, njoo. Tafadhali, njoo. Twende shambani."

Jike la nguruwe likasogea, likampitia karibu na kifundo, na yeye akalipisha taratibu, kisha akaurudisha mguu pale pale. Akainua kidole kimoja cha mkono, bila kutazama, kumnyamazisha.

"Shii, Mama," alisema. "Utawatisha."